Miguu ya Ninian Haldane

Kwa heshima zote zinazomstahili shujaa wa taifa, naomba nianze na miguu yake, maana haikujua kutulia. Ninian Haldane, mwenzangu wa bweni, alikuwa bado anakunywa uji wa shayiri pamoja nasi pale Scotland ilipomwita akacheze raga dhidi ya Uingereza mjini Edinburgh. Mpiga goli wao wa kawaida alikuwa ameteguka goti. Wazee wa kamati walimwambia waziwazi: akikosa goli, arudi kwenye Kigiriki chake, na ile kofia ya mahameli ya wachezaji wa taifa aisahau.

Wiki nzima hakukalia kiti. Alipiga teke ndoo ya makaa, kamusi, hata kofia ya kasisi.

"Fergus, nishikie mto," aliniambia kila asubuhi.

Nilijilaza kifudifudi, nikauweka mto sakafuni kama mpira, na kila alipoukimbilia niliuvuta. Akaanguka chali, kwa taadhima kubwa.

"We mshenzi! Nitakuvunja mkono!"

"Basi wahi, bwana mkubwa. Unadhani Waingereza watakusubiri?"

Akaanza kuwahi. Kufikia Ijumaa, mto ukigusa tu sakafu, mguu umeshafika. Vidole vyangu vinaweza kutoa ushahidi.

Jumamosi bweni zima lilisimama kwenye matope kando ya uwanja. Mechi ilikaribia kwisha bila goli. Ndipo mtu wetu akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa Waingereza, jambo ambalo peke yake halihesabiwi kitu. Linakupa tu ruhusa ya kupiga golini. Wapinzani hungoja chini ya nguzo, na mwenzako anayekushikia mpira akiugusisha ardhi tu, wanakujia mbio kama ng'ombe waliofunguliwa zizini.

Dalgleish, jitu lenye ndevu, akajilaza na mpira mikononi. Ninian alikuwa anarukaruka.

"Tulia, dogo," Dalgleish alinguruma. "Nikiuweka, vuta pumzi, kisha ulenge."

"Wewe weka tu!"

Akauweka. Pumzi haikuvutwa. Waingereza hawajanyanyua mguu, mpira umeshapita juu ya mwamba wa goli, na Dalgleish anapuliza vidole huku akitamka maneno yasiyosemwa kanisani.

Jumatatu Ninian aliingia kunywa uji na kofia ya mahameli kichwani. Hakukaa.

"Bado Ireland. Nishikie mto."

"Leo nitaushika vizuri, naapa."

"Thubutu! Vuta kama kawaida."

Nikaenda kutafuta glavu.