Matundu Kumi na Moja ya Kijito

Mpimaji alikuwa na tabia moja iliyomponza: hakupenda picha yenye matundu. Siku tatu alisimamisha mashine ya leza kando ya kijito, ikazunguka na kupima kila jiwe kwa mwanga. Ya nne, ofisini, kompyuta ikamwonyesha kijito kizima kikiwa na madoa meusi kumi na moja, matundu yasiyo na kipimo. Akabonyeza kitufe cha kuyaziba kwa makisio. Kijito kikawa laini, akafurahi kama aliyemaliza kupiga pasi.

Saa nane mhandisi angekuja na mchoro wake wa bomba. Vikionekana vidimbwi vya kina, samaki wana makazi, kijito kinaachwa. Visipoonekana, kinaingizwa bombani, kwisha habari.

Asubuhi hiyo mjomba wake alipita kumsalimia. Huyu alikipima kijito hicho kwa fimbo na kamba miaka ishirini, hadi alipostaafu. Akavaa miwani, akainamia skrini.

"Mpwa wangu, hapa penye mzizi mbona pametandikwa kama kitanda?"

"Ndivyo leza ilivyopima, mjomba."

"Ebo! Mimi nilitumbukia hapo, maji yakanifika kifuani. Mama yako alinicheka wiki nzima!"

Mpimaji naye akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Akafungua picha ya mwanzo. Penye mzizi palikuwa na doa jeusi.

"Kwingine kwenye kina ni wapi?"

"Chini ya daraja." Doa. "Kwenye kona, nyuma ya mwamba." Doa.

Udadisi ukamwasha, hakungoja hata chai. Nusu saa baadaye alikuwa kijitoni, suruali imekunjwa bure, fimbo ya mjomba mkononi, mjomba mwenyewe ukingoni. Penye mzizi ilizama mita moja na robo. Kitu kikamgonga goti, kikateleza kikaenda zake.

"Samaki! Mjomba, maji yanaunywa mwanga wa leza! Penye kina haurudi hata chembe!"

"Kumbe mashine ilisema kweli, wewe ukaiziba mdomo."

Aibu ilimshika, lakini hakuwa na muda nayo. Walipima madoa yote, na kila moja likawa kidimbwi cha kina.

Saa nane mhandisi aliikunjia uso ile picha. "Mbona imetobokatoboka? Mashine mbovu?"

"Nzima kabisa," alisema mpimaji, akamwekea mezani orodha ya vipimo vya kina, na fimbo ikidondosha maji. "Picha mbovu ni ile niliyoirekebisha."

Mhandisi akahesabu matundu kwa kidole, moja moja, mpaka la kumi na moja. Kisha akaukunja mchoro wa bomba.