Hamsini za Maudlin

Mnunuzi kutoka Carolina alikuwa amekwisha kufunga farasi wake nje ya mahakama, na kwenye mkokoteni wake ilibaki nafasi ya mtoto mmoja. Nafasi hiyo ilikuwa ya binti yangu, Nell.

Kwa sheria ya Virginia mtoto hufuata mama: wa mtumwa ni mtumwa, wa huru ni huru. Bibi yangu, Maudlin Pike, alikuwa Mwingereza aliyeletwa kutumika kwa miaka kadhaa kisha awe huru. Babu alikuwa mtu mweusi, na rangi nimeirithi kwake. Kama mahakimu wa wilaya wangekubali kwamba bibi alikuwa huru, basi mama alikuwa huru, na mimi, na Nell. Bwana Haxby, aliyetumiliki na kutaka kumuuza Nell, alisema bibi alikuwa mtumwa. Mama alinikaririsha ukoo wetu wote tukiwa tunatoa viwavi kwenye majani ya tumbaku, lakini mtu wa rangi yangu haapishwi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu.

Tegemeo letu lilikuwa Bi Keziah, ajuza wa kizungu aliyewahi kula meza moja na bibi.

"Ulimjua Maudlin Pike?" wakili wetu akamuuliza.

Bi Keziah akamtazama Bwana Haxby. Kibanda chake kimo ndani ya ardhi ya Haxby.

"Sikumbuki, bwana."

"Mbona juzi ulikumbuka?"

"Juzi ni juzi. Uzee huu, bwana, we acha tu."

Nilitamani kumvuta kwa kile kilemba chake cheupe. Najua baridi ilikuwa inakaribia na hakuwa na pa kwenda. Hata hivyo nilimchukia, na sijamaliza kumchukia.

Haxby akasimama, akaapa, tumbo mbele. "Huyo Maudlin baba alimnunua Barbados, mtumwa kama watumwa wengine. Hawa wanajitungia ukoo tu. Waacheni, kesho mtasikia ni wajukuu wa mfalme!"

Mahakama ikacheka. Nell akanikamata kidole, akakibana mpaka kikaniuma.

Wakili wetu tulipewa bure na mahakama, naye alifanya kazi ya bure. Alikuwa anakusanya vitu vyake. Nikamvuta koti.

"Bwana, muulize lile shamba la ng'ambo ya kijito linaitwaje."

"Shamba? Linahusu nini hapa?"

"Muulize tu, nakuomba kwa jina la Mungu!"

Akauliza, bila hamu.

"Hamsini za Maudlin," Haxby akajibu upesi, kama anavyojibu kila siku. "Nani asiyelijua? Tumbaku yake haina mfano wilaya nzima."

"Hamsini za nini?"

"Ekari."

"Na kwa nini ziwe za Maudlin?"

Haxby akawageukia mahakimu.

Kila ambaye babu yake alifyeka msitu wa wilaya hii alijua kwa nini. Enzi zile mfalme alimpa ekari hamsini yeyote aliyelipa nauli ya Mkristo kutoka Uingereza, na shamba likabeba jina la aliyeletwa. Kwa mtumwa wa kununua hakutoa hata kiganja cha mchanga. Vicheko vikaisha. Nyuma akainuka Bwana Grice, jirani ambaye miaka yote alikuwa akilimezea mate shamba lile.

"Waheshimiwa, kama Maudlin alikuwa mtumwa, basi mzee Haxby, baba yake huyu, alimdanganya mfalme, na zile ekari hazina mwenyewe. Naziomba mimi. Leo hii hii."

"Keti chini, Grice!"

"Nitaketi ukishajibu, jirani. Mtumwa, au Mkristo wa Uingereza?"

Nje farasi alikuwa akipiga kwato. Haxby akatutazama mimi na Nell, akatazama dirishani kuelekea kijitoni, akaturudia tena. Alikuwa anatupima na tumbaku, wazi wazi, mbele ya watu. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Mwingereza," akasema.

"Sauti, Bwana Haxby," hakimu akamwambia.

"Alikuwa Mwingereza! Wa Bristol! Baba alimlipia nauli, akatumika, akamaliza miaka yake. Nilimchanganya na mwingine."

Bi Keziah akaanza kulia. Mahakimu wakanong'onezana kidogo tu, wakatutangaza huru, na mnunuzi wa Carolina akaondoka na nafasi yake tupu.

Tulikuwa tunashuka ngazi Haxby aliponifikia, anahema.

"Tamar, ngoja. Grice hataniacha. Atataka jina la baba yake Maudlin, kanisa alilobatizwa, meli aliyopanda. Mama yako alikwambia, najua. Njoo uniandikishie, nitakushukuru."

Baba yake aliitwa Gilbert Pike, fundi wa mapipa. Kanisa ninalijua, na meli, na hata rangi ya shali aliyovaa siku aliyoteremka. Nilimtazama Bi Keziah akipita na macho yake mekundu, kisha nikamtazama Haxby.

"Sikumbuki, bwana," nikamwambia, nikamshika Nell mkono tukaenda zetu.