Bahasha Iliyofungiwa Mega

Sefu wa taksi ndiye aliyeyaleta maneno Gitega: Uthmani, mtoto wa Kulthumu anayefanya kazi Muyinga, amepata mama mwingine huko. Kila mchana yuko kwake, anakula, anamwita Mama Josefina. Kulthumu alicheka mbele ya Sefu, lakini maneno yakamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Siku ya tatu akafunga sambusa kwenye kitambaa, akapanda gari.

Akamkuta kweli, kibarazani kwa Josefina, mbele ya sahani ya maharage.

"Mama, mi sikuja kula," Uthmani akawahi. "Ni Wi-Fi. Imeli za kazi kwenye mega, data ya laini, hazifunguki. Hapa ndiyo zinaingia."

Uthmani anashughulikia karatasi za malori yanayovuka mpaka wa Kobero. Lori moja lilikuwa limelala mpakani siku mbili kwa sababu jibu lake lilichelewa, na patron, bosi wake, alishasema: akichelewa tena, kazi anapewa mwingine.

"Amebadilisha laini, amezima simu na kuiwasha," Josefina alisema, kwa Kiswahili chake cha kukulia Tanzania. "Na WhatsApp inaingia hata akiwa barabarani. Basi mtandao hauna kosa, dada. Kuna kitu kimefungwa humo ndani. Kula kwanza, mwanangu."

Mwanangu. Kulthumu akakaza kanga kiunoni, na hapo hapo akakumbuka. Siku ya Idi, Uthmani akiwa anaoga, aliichukua simu yake akazinyima mega programu zote, moja moja, kama binti wa jirani alivyomfundisha. Akaiacha WhatsApp tu, ili mega zibaki za kumpigia yeye. Ile yenye alama ya bahasha hakujua ni ya nini.

Akinyamaza, mtoto anapoteza kazi. Akisema, huyu mwanamke atajua kwamba kosa ni lake.

Simu ikalia. Patron anataka jibu sasa hivi, na Uthmani ameshika kichwa.

"Ni mi niliifunga," Kulthumu akasema. "Lete."

"We, Mama?"

Akaingia kwenye mipangilio, akairudishia bahasha mega zake. Uthmani akazima Wi-Fi. Wakangoja. Imeli tatu zikaingia zikifuatana, naye akajibu papo hapo.

Kisha akaketi kumalizia maharage. Sambusa zikabaki kwenye kitambaa, mapajani mwa mama yake.

Mama mwenzangu, haya uyaepuke:

Kugusa simu ya mtoto bila kumwambia.
Kuzima alama usiyoijua kazi yake.
Kulaumu mtandao kabla hujajaribu Wi-Fi peke yake, kisha mega peke yake.
Kunyamaza wakati kosa ni lako.
Kufunga safari kwa maneno ya dereva.
Kupika ukiwa na wivu. Sambusa zile hazikuwa na chumvi.