Niliyomwambia Mwalimu Emmaculate

Mwalimu Emmaculate alikuja kwangu Jumamosi, akakataa kiti, akakaa nami kwenye gunia tukichambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Mwalimu gani hufanya hivyo? Nikampenda papo hapo. Mjukuu wangu Shantel, wa gredi ya sita, aibu ilimshika akaenda kujificha na kuku.

"Dani," mwalimu akaniambia, maana hapa Katito ndivyo watoto wanavyotuita sisi nyanya, "mtihani ni karatasi tu. Mimi nataka kumjua mtoto mzima. Niambie yote, hata yale madogo."

Mimi nami ni mtu wa mdomo. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza ninajua nini. Basi nikamfungulia moyo. Nikamwambia Shantel akisoma, herufi zinamrukaruka kama panzi, lakini msomee mara moja tu, atakurudishia yote. Watoto wa boma wakigombana, yeye ndiye huamua, na hata aliyeshindwa halalamiki. Kuku akiugua, Shantel hujua kabla kuku mwenyewe hajajua. Nikamwambia na la siri: tangu mama yake aende Saudia, usiku mwingine analowesha kitanda, nasi tunaanika blanketi nyuma ya nyumba wapita njia wasilione.

Mwalimu akanishika mkono. "Asante kwa kuniamini."

Kabla hajaondoka, Shantel akatoka mafichoni, akamtegea kitendawili alichotunga mwenyewe. "Mgeni wangu hakualikwa. Akatandika mkeka wa kijani ziwani, wavuvi wakakosa njia."

Mwalimu akashindwa. Akaombwa mji, akatoa Kisumu yote.

"Magugu maji," Shantel akasema, na wote wawili wakacheka.

Muhula uliofuata nikaitwa shuleni. Nilimkuta mwalimu mkuu, Bwana Obiero, ofisini na Mwalimu Emmaculate. Shantel alikuwa amesimamishwa kando ya kabati.

"Mama," Obiero akaanza, "huyu atatuangusha kwenye mtihani wa kitaifa. Wazazi wanaangalia wastani wa shule. Kule Pap Onditi kuna kitengo cha watoto kama huyu. Tia sahihi ahamie huko kabla ya usajili."

"Watoto kama huyu ndio watoto gani?"

Akamgeukia mwalimu. "Mweleze."

Mwalimu Emmaculate akaongea na meza. Mtoto haoni herufi sawasawa. Mama yake hayupo. Umri huu wote bado anakojoa kitandani. "Nyanya yake mwenyewe ndiye aliyeniambia," akamaliza.

"Mwalimu, ulikaa kwenye gunia langu," nikasema. "Nilikwambia hayo ili umsaidie."

"Ndiyo ninamsaidia, Dani."

"Usiniite Dani."

Nikamwambia Obiero amuulize mtoto kwa mdomo, swali lolote, aache karatasi kidogo. Akatabasamu kama mtu anayemridhisha mzee.

"Haya, Shantel. Mvua hutoka wapi?"

Juzi tu Shantel alinieleza hilo jikoni, akinionyesha mvuke wa sufuria na matone chini ya kifuniko, hadi nami nikaelewa. Nikamtazama, nikimngoja. Yeye alikuwa akitazama viatu vya Mwalimu Emmaculate. Midomo yake haikusogea.

"Umeona mwenyewe, mama."

"Nimeona mtoto aliyeaibishwa. Sahihi yangu huipati, na bila hiyo huwezi kumtoa hapa."

Obiero akakuna shingo. Alijua ni kweli. Nikaona tumeshinda, nikaanza kuinuka.

"Mimi nataka kwenda," Shantel akasema.

"Kwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Huko. Popote. Hapa sasa wanajua."

Nikamgeukia Mwalimu Emmaculate aseme neno, hata moja la uongo. Akanisogezea kalamu.

Nikatia sahihi.

Tulitembea hadi barabara ya Kisii. Pale tukingoja lori lipite, Shantel akauliza bila kunitazama, "Ulimwambia nini kingine?"

"Nilimwambia na mazuri. Ya kuku. Ya ugomvi wa watoto. Kwamba ukisikia kitu mara moja umeshika. Mengi, mama yangu. Mazuri yalikuwa mengi kuliko hayo."

Akahamisha mkoba bega la pili.

"Hayo hakuyasema," akasema, kisha akavuka barabara mbele yangu bila kunishika mkono.