Nati ya Kuke

Claudine alinimiminia chai mlangoni mwa karakana yangu hapa Kasulu, akasema, "Mama Fundi, chai yako njo hii, ku mukono ya kuke."

Macho yangu yalikuwa kwenye mashine. Nikapapasa kulia. Hakuna kikombe.

"Kuke, mama! Huku!" Akanigusa mkono wa kushoto.

Nikamgeukia. "Claudine, kwenu kuke ni kushoto?"

"Sasa ni wapi tena? Kuume huku, kuke huku." Claudine ni Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anauzia mafundi chai na mandazi, na siku zote hutuona Watanzania hatujui Kiswahili. Siku hiyo nilimwamini, nikazima mashine.

Mimi ni Winifrida, mzaliwa wa Kitahana kule Kibondo. Kukereza vyuma vya meli nilijifunzia Kigoma, chelezoni, pale meli zinapopandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nilipoolewa huku milimani nilikuja na ufundi wangu, na mashine ya kule ikifa, kazi hupanda kunifuata. Safari hii ilikuja kazi ya boti ya mizigo: shafti ya propela pamoja na nati yake. Aliyeagiza ni Adolphe, fundi injini wa boti hiyo, naye Mkongo. Nati yeye huiita ekru. Alisema kwenye simu, "Ekru ile iko ya kuke, mama. Ya kuke! Usisahau."

Nikamcheka. Nilidhani anasema ya kike: kwetu mafundi chuma kinachoingia ni dume, kinachopokea ni jike. "Adolphe, nati ya kiume umeiona wapi?" Akacheka na yeye, bila shaka akidhani mama huyu ana maneno. Basi nikachonga uzi wa kukazwa kwa kulia, kama nati karibu zote za dunia hii. Na kwa kuwa shafti na nati vyote vilitoka mkononi mwangu, vilikubaliana kama ugali na maharage. Nani angeshtuka?

Sasa nilielewa alichotaka: nati ya kukazwa kwa kushoto. Propela ya boti ile inazunguka kulia, na kila inavyokwenda inailegeza nati yangu kidogo kidogo. Boti ikisonga mbele haina neno, kwa sababu maji yanaisukuma propela ikae mahali pake. Balaa ni kurudi nyuma. Ukipiga rivasi na nati imelegea, propela inajivua, inavunja usukani na kupasua mbao za chini. Na hakuna boti inayofika gatini bila kupiga rivasi, maana ndiyo breki yake.

Ndani ya boti hiyo alikuwamo Pasikali, mume wangu.

Yeye ndiye aliyeipeleka shafti Kigoma. Asubuhi alinipigia akijisifu: "Nati nimeikaza mwenyewe, Wini, kwa nguvu zangu zote! Pini ya kuizuia tutaweka tukisharudi. Sasa tunaingia majini kujaribu." Mtu wa Rungwe Mpya huku milimani, maji mengi aliyowahi kuoga ni ya beseni. Nilimwomba abaki ufukweni. Akasema shafti kachonga mkewe, aogope nini?

Nilipiga simu yake. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga ya Adolphe, ikaita mpaka ikakatika. Vidole vilikuwa na grisi na kioo kikawa kinateleza. Nikapiga tena, na safari hii ikapokelewa, lakini nyuma yake injini ilikuwa inanguruma.

"Adolphe! Usipige rivasi!"

"Nini?"

"Rivasi! Usipige rivasi!"

"Sisikie, mama! Tunaingia ku port! Nitakuita!"

Nikamgeukia Claudine, nadhani nilimshika hata shingo ya gauni. "Gari likirudi nyuma, kwenu mnasemaje?"

"Marsharyeri."

"Adolphe!" Nilipiga kelele mpaka mafundi wa jirani wakatoka nje. "Marsharyeri hapana! Hapana marsharyeri! Zima injini!"

Simu ikakatika.

Sikujua kama alisikia. Nilipiga, ikawa haipatikani. Claudine akaanza kusali kwa sauti, nikamwambia anyamaze, halafu nikamwambia aendelee. Niliitazama mashine yangu, niliyoipenda kuliko vyombo vyangu vyote, nikaichukia. Mana yanje, Mungu wangu, nilisema, nirudishie mtu wangu hata kama ni mbishi.

Simu ililia. Namba siijui.

"Wini!" Ni Pasikali, anacheka au analia, sikuweza kujua. "Tumegonga matairi ya gati, ubavu wa boti umechubuka, nimelowa mpaka kichwani. Lakini tuko nchi kavu. Adolphe alikuwa ameshashika gia, ndipo akakusikia, akazima injini!"

"Nati?"

"Kashuka kuiangalia. Anasema inazunguka kwa vidole."

Nililia bila aibu mbele ya mafundi wote. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumchapa.

Adolphe akachukua simu. "Mama, nilisema kuke."

"Ulisema, baba. Nisamehe."

"Utachonga ingine?"

"Nitachonga vyote upya. Ila kuke na kuume sitaki kusikia. Niambie hivi: unaikaza kwa kuzungusha upande wa mkono ule usiolia ugali. Sivyo?"

Akafikiri. "Hapana, mama. Mie ugali nakulaka na kuke."

Kumbe ni mashoto. Nilikaa chini, palepale juu ya mavumbi ya chuma.

"Adolphe," nikasema, "panda gari. Njoo Kasulu usimame hapa mbele yangu, unionyeshe. Na huyo mume wangu uje naye."

Mashine sikuiwasha mpaka wote wawili waliposimama mlangoni.