Nyumba Iliyoanguliwa Dukani kwa Damyanti

Konokono wa Damyanti alitaga asubuhi, kabla duka la vitenge halijafunguliwa. Alipanda juu ya maji, akabandika kichala cha mayai ya waridi kwenye kioo cha tangi la samaki, kisha akarudi chini kula mchicha.

Mwalimu Mwajuma, mpangaji wa chumba cha uani, aliingia kuomba kiberiti, akayaona mayai yamekaa pakavu, akayahurumia. Alikuwa amestaafu kufundisha, lakini hakustaafu kusahihisha. Akayabandua kwa kisu na kuyatumbukiza majini.

"Mwalimu! Utayaua hayo!" Damyanti alitoka kwenye sala, udi ungali mkononi. "Yakizama yanakufa, yakikauka yanakufa."

"Sasa yanataka nini, Mama Ketan?"

"Unyevunyevu tu. Kama shati la kupiga pasi."

Waliyaopoa, wakayalaza juu ya kitambaa kibichi ndani ya kopo la plastiki, wakalielesha kopo tangini. Mwajuma, kwa aibu, akaomba mlezi awe yeye. Akayalea Kiluguru, kama kichanga ambaye kitovu hakijadondoka: pazia limeshushwa, wageni hawaingii. Hata jirani yao Laurenti alipokuja kusalimia alipewa chai mlangoni, akainywa amesimama.

Watoto walipotoka, kila mmoja alikuwa na nyumba mgongoni, kama ilivyo kwa konokono wote. Ila hizi zilikuwa za tofali na bati. Zilikuwa nyumba za ule mtaa wa kando ya mto uliovunjwa kupisha barabara, kila moja na madirisha yake, na jua likizama taa zake zikawaka. Damyanti hakuona ajabu. Mchanga wa tangi alikuwa ameuagiza kutoka huko huko, siku chache baada ya tingatinga kuondoka.

Pazia likafunguliwa. Watu wa mtaa ule wakaja na miwani yao, wakabanana mbele ya kioo wakichekana. Laurenti, ambaye naye alivunjiwa huko, akaiona yake, na mlango aliokuwa amemwahidi mkewe kuupaka rangi.

"Na humu pia hujaupaka," mkewe akasema.

Mwajuma alitafuta ya kwake akaikosa. Nyumba ile bibi yake alimwachia mama yake, mama akamwachia yeye, kama ardhi ya Waluguru inavyokwenda, kwa neno la mdomo mbele ya wajomba. Karatasi haikuwepo. Kwa hiyo alipokwenda kudai fidia, ofisi ilimjibu kwamba pale hapakuwahi kuwa na nyumba. Jibu hilo lilimuuma kuliko tingatinga. Nyumba ikivunjwa unalia, basi. Lakini kuambiwa umezaliwa mahali ambapo hapakuwepo?

Likabaki yai moja. Lilikuwa limezama kuliko mengine yote siku ile ya kisu, na Damyanti alishalikatia tamaa. Mwajuma akaendelea kulinyunyizia kwa ncha za vidole, akiliomba radhi. Mwishowe likapasuka, akatoka konokono mdogo kama punje ya ulezi. Mgongoni alikuwa na jiko la nje lililoinama na dirisha lililozibwa kwa mfuniko wa ndoo.

Mwajuma akatega sikio. Ndani, marehemu mama yake alikuwa anafagia.

"Ipo," akasema. "Mama Ketan, ipo!" Akalia, akacheka, akapiga vigelegele mpaka wateja wakaacha vitenge mezani kuja kuona.

Mthamini wa ile ofisi aliitwa, akaja na lenzi yake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu nyumbani kwangu."

Kijana akainama, akaangalia ukuta hadi ukuta, akakiri kwamba nyumba ipo na jiko lipo. Tatizo, alisema, ni kwamba inatembea, na nyumba inayotembea haifidiwi. Hata hivyo, wakati anaizungumzia ilikuwa imeelekea upande wa barabara. Basi kwa mazoea ya kazi akatoa kalamu nyekundu, akaichora X ukutani, alama ya nyumba ya kuvunjwa. Akanywa chai, akashukuru, akaenda zake.

Fidia haikuja, na wala haijaja mpaka leo.

Mwajuma anasaga maganda ya mayai ya kuku na kuwanyunyizia konokono kila asubuhi, kwa kuwa bila hayo kuta zao hupata nyufa. Jiko limenyooka. Konokono hujijengea kuanzia mdomoni mwa gamba, akisukuma mbele kidogo kidogo, na wa Mwajuma ameshaongeza baraza na chumba ambacho hakikuwepo hata enzi za bibi. X imebaki nyuma pale pale ilipochorwa, haikufutika wala haikukua, na sasa lazima uvae miwani ndipo uione.

"Hicho chumba kipya ni cha nani?" Damyanti aliuliza juzi, pua kwenye kioo.

"Cha wageni," Mwajuma akasema. "Mama anakifagia tangu alfajiri."