Marufuku ya Kushika Bega

Mikonomingi, mleta habari, alikuwa ameshauacha mpaka wa Ngozi, pale mwiba ulipopenya, akielekea kambi ya Tezi. Alikuwa amemla mmoja wa wavamizi walioingia na mwiba huo, akabakiza kipande cha kuonyesha. Nyuma yake waliosalia walikuwa wakizaana.

Katika nchi ya Mwili askari ni wengi, lakini kila mmoja huzaliwa akijua sura ya adui mmoja tu. Maadui wengine hupishana nao kama watu sokoni. Na hata akimtambua wake, haendi vitani kwa kuona tu. Mleta habari humwonyesha kipande kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili humshika bega. Kipande humwambia: ni huyu. Bega humwambia: hatari ni ya kweli, nenda.

Sasa Mfalme Kichwa alikuwa amepiga marufuku kushika bega. Kila vita vilileta homa, na homa ilimgonga yeye kwanza. Adhabu ilikuwa kukatwa mikono.

"Karibu, bibi," Waziri wa Mfalme alimpokea kwenye baraza la Tezi. "Onyesha habari yako. Habari hatujazikataza. Tumekataza kutishana."

"Mheshimiwa, askari akionyeshwa bila kushikwa, hufa ganzi. Haamki tena."

"Askari mtulivu ni hazina ya taifa."

Askari wakapita mbele ya kipande, wakitikisa vichwa. Mmoja akasimama. "Huyu namjua," akasema, akasogeza bega.

Mikonomingi alimtazama Waziri, akaficha mkono nyuma. Askari akangoja. Uso ukamlegea taratibu, akabaki amesimama vilevile.

"Mnauona utulivu?" Waziri aliuliza baraza. Baraza likapiga makofi.

Akaja pacha wake. Baada yake hapakuwa na mwingine aliyeijua sura ile.

"Mbona ndugu yangu haitiki?" Akakitazama kipande. "Huyu namjua. Dada, ni hatari au si hatari? Sema, usinikodolee macho."

"Mkono chini, bibi," alisema Waziri.

"Ninayo mingi, mheshimiwa. Upi?"

Akamshika bega.

Askari yule akagawanyika, akawa jeshi, likashuka Ngozini na kuwamaliza wavamizi. Homa ilipanda. Mfalme Kichwa aliweweseka mpaka ilipopoa, kisha akatangaza kwamba vita aliviamuru yeye. Waziri alipewa nishani. Marufuku haijaondolewa. Mikonomingi hakukatwa mikono. Alifia palepale Tezini, kama wafavyo wenzake wakishafikisha habari. Wachache wa lile jeshi walibaki kulinda, na sura ile wanaikumbuka. Askari wa kwanza bado amesimama. Ukimwonyesha kipande, anakitazama tu.